Franco Luambo: alimuimbia Mobutu, akafungwa na serikali ya Mobutu, na nyimbo zake zimewazika wote

Tarehe 12 Oktoba 1989 mwanamuziki wa rumba Franco Luambo Makiadi alifariki hospitalini Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51 tu, na Zaire nzima, yani Kongo ya Kinshasa ya leo, ikasimama. Serikali ikatangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa, redio ya taifa ikawa inapiga nyimbo zake kutwa kucha, mwili uliporudishwa Kinshasa watu wakafurika barabarani, na tarehe 17 akazikwa makaburi ya Gombe kwa heshima zote za nchi. Sasa hapo ndo pana kisa chenyewe, mana serikali hiyo hiyo iliyokuwa inamlilia ndiyo iliyowahi kukamata santuri zake, ndiyo iliyomtupa jela kwa matusi, ndiyo iliyompa kiwanda na nishani na cheo, na yeye mwenyewe ndo aliyeipigia kampeni kwa gitaa lake.

Miaka zaidi ya 30 imepita. Mobutu kaondoka, jina la nchi limebadilika, bendi imekufa, waimbaji wengi wa ile bendi wameshazikwa, na Franco bado anapigwa kwenye mabaa, kwenye harusi, kwenye daladala usiku. Na kila anapokumbukwa watu wanagawanyika kambi mbili, kuna wanaosema huyu ni mfalme wa rumba na asiguswe kabisa, na kuna wanaosema huyu alikuwa chawa wa dikteta, alikula na Mobutu sahani moja wakati wananchi wanakufa njaa, kwahiyo tusimpambe. Mimi nimeusikiliza mziki wa Franco muda mrefu na kwa mapenzi makubwa sana, na naona kambi zote mbili zinatunyima mtu mwenyewe. Ukimsafisha unapoteza nusu ya nyimbo, ukimchafua unapoteza nusu nyingine, na kilichofanya abaki ni kwamba zile nusu mbili zilitoka kwenye mdomo mmoja.

Tuanze mbali kidogo. Alizaliwa 6 Julai 1938 Sona Bata, Kongo ya chini, akakulia Léopoldville ambayo sasa ni Kinshasa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, akafariki Franco akiwa bado mdogo, mama akabaki anauza maandazi sokoni na mtoto anapiga gitaa pale kwenye meza ya mama ili wateja wasogee. Gitaa alifundishwa na Ebengo Dewayon, 1953 akiwa na miaka 15 akaingia studio ya Loningisa, na tarehe 6 Juni 1956 ikazaliwa bendi ya OK Jazz. Haya wengi mnayajua, sitakaa hapo. Ninachotaka ukishike ni ile meza ya maandazi, kwasababu mtu aliyekulia sokoni anasikia kila kitu, nani kaachwa, nani kamuibia mwenzake mume, nani hajalipa deni, na nyimbo zake mpaka anakufa zilibaki kuwa maneno ya sokoni yaliyowekewa gitaa. Ndo maana hata alipokuwa tajiri mwenye majumba, mtu wa Matonge, mtaa wa starehe wa Kinshasa, akimsikia anaona huyu anaongea kuhusu jirani yangu.

Na lile gitaa lenyewe, kabla hatujaingia kwenye siasa. Franco alikuwa anachomoa nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mara nyingi nyuzi mbili kwa pamoja, kwahiyo inatoka sauti nene yenye chuma ndani yake, halafu anang'ang'ania kipande kimoja kifupi anakirudia na kukirudia mpaka unahisi amekusahau, na wewe mwenyewe hujijui ushasimama unacheza. Wapiga gitaa wa bendi pinzani, wakina Docteur Nico, walikuwa wanapiga laini na kwa madoido mengi sana, vidole vinakimbia, na kwa ufundi mtupu wapo wanaosema Nico alimzidi na mimi sibishi. Ila Franco alikuwa anapiga kama mtu anayesisitiza neno. Baadaye bendi ilipokuwa kubwa kukawa na gitaa la solo, la rizimu na la mi-solo linalojaza katikati, na chini Simaro Lutumba anashika rizimu kwa utulivu wake, na ukivaa hedifoni ukasikiliza nyimbo za miaka ya themanini utasikia kila gitaa lina kazi yake na hakuna anayemkanyaga mwenzie. Nyimbo ina dakika kumi na kitu na huchoki.

Sasa tuje kwenye utata wenyewe. Novemba 1965 Mobutu anachukua nchi, na tarehe 2 Juni 1966 anawanyonga hadharani mawaziri wanne wa zamani, Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, mbele ya maelfu ya watu, na Kinshasa ikashikwa na hofu ambayo haikuwahi kuwepo. Franco akatoa Luvumbu Ndoki, nyimbo yenye asili ya Kikongo kuhusu mchawi anayewamaliza watu wake. Hakutaja jina la mtu. Hakuna aliyehitaji jina. Santuri zikakamatwa, yeye akahojiwa, na akavuka mto akakaa Brazzaville kwa muda mpaka mambo yapoe. Huyo ndo Franco wa 1966, kijana wa miaka 28 aliyethubutu kuimba kitu ambacho hata wanasiasa walikuwa wanakinong'ona tu.

Alafu angalia kilichofuata. Aliporudi aligeuka mtu mwingine kabisa mbele ya serikali. Ilipokuja ile sera ya kurudi kwenye uasilia wa Kizaire, ambapo watu waliacha majina ya kizungu na suti na tai, OK Jazz wakazunguka nchi wakiinadi, Franco naye akachukua majina marefu ya kikwao na bendi ikawa T.P. OK Jazz, yani Tout Puissant, wenye nguvu zote. Katikati ya miaka ya sabini, wakati mali za wageni zinagawiwa kwa wazawa, akakabidhiwa kiwanda cha kufyatua santuri cha MAZADIS, na huo ndo ulikuwa utajiri wa kweli kwasababu mwanamuziki yeyote mwenye nyimbo lazima apite mahali inapofyatuliwa, na wenzake walilalamika sana kwamba za bosi zinatangulia na zao zinasubiri. Alikuwa pia kiongozi wa chama cha wanamuziki. Ana bendi, ana lebo, ana kiwanda, ana klabu yake ya Un Deux Trois pale Matonge, na ana sikio la rais.

Watetezi wake hapa huwa wanasema aliogopa, kwamba mtu aliyeona 1966 angefanya nini. Kuna ukweli na sitaki kuupuuza, mana sisi tunaomhukumu tukiwa tumekaa vizuri kwenye makochi hatujawahi kuona waziri ananyongwa mchana kweupe kwenye mji wetu. Ila hofu peke yake haielezi kiwanda. Mtu anayeogopa anaweza kukaa kimya, anaweza kuimba mapenzi tu miaka yote na hakuna atakayemgusa, walikuwepo wengi walioishi hivo. Franco alichukua, akafaidika, akatajirika, na wenzake wakaumia kwa ule upendeleo. Hilo liandikwe kwenye historia yake waziwazi, na anayelificha anawakosea wale wanamuziki wadogo ambao kazi zao hazikufyatuliwa kwa wakati.

Halafu ikaja 1978. Zikaanza kuzunguka mitaani kanda za nyimbo mbili, Hélène na Jacky, matusi ya nguoni kweli kweli, siyo mafumbo. Hazikutoka kwa njia ya kawaida, zilikuwa zinakopiwa kaseti kwa kaseti. Mwanasheria mkuu wakati huo ni Kengo wa Dondo, Franco akakamatwa na baadhi ya wanamuziki wake, akahukumiwa, akakaa ndani kama miezi miwili. Inasimuliwa kwamba alipojitetea kuwa nyimbo hazina ubaya akaletwa mama yake asikilizishwe. Kwa mtu aliyekuzwa na mama mjane muuza maandazi, mimi naamini hiyo ilimuuma kuliko selo yenyewe. Na miaka miwili tu baadaye, 1980, nchi hiyo hiyo ikamtawaza Grand Maître, mwalimu mkuu wa mziki wa Zaire! Na yeye hakumsahau Kengo, alikuja kutoa Tailleur, nyimbo ya fundi cherehani ambaye mwenye sindano kaja kuchukua sindano yake sasa atashona na nini, na Kinshasa nzima ikajua anasemwa nani, bila jina, kama ilivyojua 1966.

Kwahiyo unaona mtindo wake. Alikuwa anaingia na kutoka. 1983 anakaa studio na Tabu Ley, mpinzani wake wa miaka mingi, wanatoa Lettre à Monsieur le Directeur Général, yani barua kwa mkurugenzi mkuu, nyimbo inayowasema wakubwa wa maofisi kwa namna ambayo kila aliyewahi kuzungushwa na karatasi pale Kinshasa alijiona yumo. Mwaka mmoja baadaye, 1984, kuna uchaguzi wa rais wenye mgombea mmoja tu, na Franco anatoa Candidat na biso Mobutu, anahamasisha nchi nzima impigie kura mgombea huyo huyo mmoja. Ndani ya mwaka mmoja tu! Na cha kuumiza zaidi, nyimbo ya kampeni ni nzuri. Gitaa limekaa, waimbaji wako kwenye ubora wao, unaweza kujikuta unaicheza kabla hujakumbuka inasema nini. Angeipiga ovyo ingekuwa rahisi kuisahau.

Hapa ndo napotofautiana na watu wa kambi ya kwanza. Kuna mashabiki wanaorusha Mario na Mamou kila wiki alafu hii ya 1984 wanaikwepa kama haipo, au wanasema alilazimishwa hiyo, tuachane nayo. Sikubaliani. Ile nyimbo ni ushahidi wa jinsi utawala wa Mobutu ulivyofanya kazi, kwamba haukutegemea bunduki peke yake, ulijua kuwachukua watu ambao wananchi wanawapenda na kuwavisha rangi za chama. Kijana wa leo anayetaka kuelewa Zaire ya miaka ya themanini ataelewa zaidi kwa kusikiliza Lettre à Monsieur le Directeur Général na Candidat na biso Mobutu mfululizo kuliko kwa kusoma kurasa hamsini, kwasababu atasikia mtu yule yule, sauti ile ile nzito ya kuongea nusu kuimba nusu, mara analalamikia mfumo mara anaupigia debe, na watu wanazicheza zote mbili.

Na kuna upande wa wanawake, ambao nao haunyooki. Franco kasemwa sana kwamba aliwadhalilisha wanawake kwenye nyimbo, na ukichukua zile za 1978 huna cha kumtetea, ni udhalilishaji. Lakini huyo huyo ametoa La vie des hommes ambayo ni malalamiko ya mwanamke dhidi ya tabia za wanaume, na ndo huyo wa Mamou, mama ambaye mume yuko Ulaya na maneno ya rafiki yamekuwa mengi, Madilu System, mwimbaji wa bendi, anaimba upande mmoja na Franco anajibu upande mwingine kama mtu aliyekaa kwenye kigoda anapiga umbea. Anachukua nafasi ya mwanamke anaongea kama yeye, na anaongea vizuri sana, kwa hasira na kwa akili. Sasa je alikuwa anawatetea au alikuwa anajua tu kwamba wanawake ndo wasikilizaji wake wakubwa? Mimi naona yote mawili, na sidhani kama yeye mwenyewe alizitenganisha.

Mario ya 1985 ndo kipimo changu cha urithi. Kijana msomi, ana vyeti vyake, hataki kazi, kahamia kwa mama mtu mzima mwenye pesa, analala, anavaa, anaendesha gari la mama, na usiku ni ngumi na majirani hawalali. Mama kachoka. Madilu anaingia na kile kiitikio cha kuchoka na Franco anamsema Mario dakika nzima nzima bila haraka, na hakuna hukumu kubwa pale, kuna uchovu wa nyumba moja. Leo hii Tanzania mwanaume anayelelewa na mwanamke anaitwa marioo, na vijana wengi wanaolitumia hilo jina hawajawahi kuisikia hiyo nyimbo. Mtu wa Kinshasa kaingia kwenye midomo ya watu wasiojua Kilingala na wamemmiliki. Sanamu yake ipo pale Matonge, barabara kubwa ya Kinshasa iliyokuwa inaitwa Bokassa sasa inaitwa Luambo Makiadi, na 2021 UNESCO ikaiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, yote mazuri, nayaheshimu, ila mimi ukiniuliza Franco anaishi wapi nitakuonyesha Mario kwanza.

Tuje kwenye kifo na kilichofuata. 1987 alitoa Attention na SIDA, yani jihadhari na UKIMWI, zaidi ya dakika kumi na tano, sehemu kubwa kwa Kifaransa ili ifike mbali, wakati serikali nyingi za Afrika bado zinauonea aibu huo ugonjwa. Anawasema wazazi waongee na watoto, anawasema madaktari wasiwatenge wagonjwa, anawageukia walimu, wahubiri, viongozi, mmoja baada ya mwingine kama mtu anayegonga milango ya mtaa mzima. Ni kazi kubwa, na ilitoka kwa mtu ambaye miaka tisa nyuma alifungwa kwa matusi. Muda si mrefu yeye mwenyewe akaanza kukonda, yule mwamba mnene aliyekuwa anajaza jukwaa, na uvumi ukaanza kwamba naye anaumwa huo huo, na mpaka leo watu wanabishana kuhusu kilichomuua. Mimi hilo bishano silipendi. Mgonjwa ana haki ya siri yake, na nyimbo haihitaji cheti cha hospitali ili iwe ya kweli. Mwaka wa mwisho alirekodi tena na Sam Mangwana, mwimbaji wake wa zamani, akapanda jukwaani Amsterdam mwezi Septemba 1989 akiwa hoi, na wiki tatu baadaye akafariki.

Sasa hapa kuna somo ambalo watu wa mziki hulipita haraka. Tunaongea urithi kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe Franco aliacha vitu viwili tofauti, nyimbo na taasisi. Nyimbo zimepona. Taasisi ilikufa ndani ya miaka minne. T.P. OK Jazz iliendelea chini ya Simaro na wenzake, walikuwa na waimbaji wa kutosha, watunzi wa kutosha, jina kubwa kuliko bendi yoyote Afrika ya kati, na mwishoni mwa 1993 ikavunjika kwasababu ya mgogoro na familia ya marehemu kuhusu mgao wa mapato, vyombo vikarudi kwa familia, na mapema 1994 Simaro na wenzake wakaanzisha Bana OK. Bendi ya miaka 37 ikaisha hivyo.

Watu huwa wanaitukana familia kwenye hili, au wanawatukana wanamuziki kwamba hawana shukrani. Mimi naona lawama inaanzia kwa Franco mwenyewe na namna alivyojenga. Alikusanya kila kitu mkononi kwake. Bendi yake, vyombo vyake, lebo yake, klabu yake, mikataba yake, na wanamuziki zaidi ya ishirini, wakati mwingine karibu arobaini, wanaishi kwa mshahara na hisani ya bosi. Akiwepo inafanya kazi vizuri ajabu, kwasababu bosi ni mwamba, anajua kuamua, anajua kumsikia kijana mwenye kipaji na kumleta, anajua kumaliza ugomvi. Akiondoka hakuna karatasi inayosema Simaro aliyekuwepo tangu 1961 ana sehemu gani ya hiki kitu alichokijenga kwa miaka karibu thelathini. Familia nayo inaona hii ni mali ya baba yetu, ni ya kaka yetu, na kisheria wana hoja. Kila mtu ana hoja, kwahiyo kitu kinakufa. Alimlalamikia mkurugenzi mkuu kwenye nyimbo, na kwenye bendi yake yeye ndo alikuwa mkurugenzi mkuu.

Na kuna jambo lingine linalonikera zaidi ya Mobutu, na nalisema kwa uchungu kabisa, ni jinsi jina la Franco lilivyowameza wenzake baada ya kifo. Mabele, ile kazi nzito ya 1974 kuhusu udongo na kifo, watu wanasema ya Franco. Mtunzi ni Simaro Lutumba, anayeimba ni Sam Mangwana. Maya ya 1984, watu wanalia nayo harusini wanasema Franco alikuwa mtu, kumbe ni Simaro tena na anayeimba ni Carlyto. Bina na ngai na respect, Franco, Franco, Franco, kumbe ni Ntesa Dalienst. Josky, mwimbaji mwingine wa bendi, naye ana orodha yake ndefu. Wakati wa uhai wake kulikuwa na manung'uniko ndani ya bendi kuhusu nani anapata nini, watu wanaondoka wanarudi, Mangwana kaondoka, Youlou kaondoka, na baada ya kifo hali ikawa mbaya kwa namna nyingine, kwasababu makampuni ya Ulaya yakawa yanauza CD zenye picha ya Franco na jina la Franco kubwa na wengine kwa herufi ndogo nyuma, na siku hizi mtandaoni hata hizo herufi ndogo hazipo. Dalienst alifariki 1996, Madilu 2007, Ndombe Opetum 2012, Simaro 2019, Josky 2021. Hawa hawakupata siku nne za maombolezo kila mmoja, na wengi wao kazi zao zinapigwa kila siku kwa jina la mtu mwingine.

Wapo watakaosema ah, bendi ni yake, ndo ilivyo kwenye mziki. Sawa. Lakini tunapomchambua mtu mwenye utata tunakimbilia siasa na ngono kwasababu ndo zina kelele, na hili la jasho la wenzake tunaliona dogo. Kwangu mimi hili ndo kubwa. Mobutu kaenda, alikimbia Mei 1997 na Septemba akafia Morocco, ile kampeni haiwezi kumpa kura hata moja sasa hivi, imebaki historia. Uwanja mkubwa wa Kinshasa unaitwa Stade des Martyrs kwa kumbukumbu ya wale wanne walionyongwa 1966, kwahiyo hata hilo deni nchi imejaribu kulilipa. Deni la wakina Simaro ndo linaendelea kukua kila nyimbo inapopigwa.

Ningeulizwa tumuenzi vipi Franco, ningesema tumchukue mzima. Luvumbu Ndoki iwepo na Candidat na biso Mobutu iwepo, kila moja na mwaka wake na maelezo ya kilichokuwa kinatokea. Hélène na Jacky zijulikane kwamba zilikuwepo na zilimfunga, bila kuzigeuza ushujaa wa uhuru wa kujieleza, mana hazikuwa hivo. Attention na SIDA ipigwe mashuleni, bado inafaa. Watoto wanaojifunza gitaa wakae na ile sauti ya gumba na shahada mpaka waielewe. Na wewe unayerusha rumba za zamani, ukiweka Maya andika mtunzi Simaro Lutumba, mwimbaji Carlyto. Ukiweka Mabele andika Simaro na Mangwana. Ukiweka Mario mwandike Franco, na Madilu System usimsahau.